Kabla ya kulaumu mashine: namna ya kutunza sampuli za kupima pombe

Nikifungua boksi la sampuli, macho yangu huenda kwanza kwenye kimo cha damu ndani ya tyubu, kisha kwenye kizibo, ndipo nisome lebo. Nikikuta tyubu imejaa robo, kizibo kimelegea na boksi lina joto, najua tayari kwamba namba nitakayoitoa itakuwa ya kweli kwa kilichomo ndani ya tyubu, ila haitakuwa lazima ya kweli kwa kilichokuwamo ndani ya mtu. Mashine haijui tofauti hiyo. Inapima inacholetewa.

Kazi yangu ni kupima pombe kwenye damu, mkojo, nywele na vitu vinavyotoka mochwari. Maswali mengi ninayoulizwa na wauguzi, wapelelezi na mawakili hayahusu mashine hata kidogo, yanahusu friji. "Imelala mezani usiku kucha, ina shida?" "Tumeiweka kwenye friza, tumeharibu?" Huwa nawajibu kwa swali: mnataka kupima nini ndani yake? Pombe yenyewe, yaani ethanoli, ina tabia zake. Masalia ambayo mwili huyatengeneza kutokana na pombe nayo yana tabia zake, na kinachookoa kiashiria kimoja kinaweza kuharibu kingine. Kwa kila kiashiria ninachopokea najiuliza jambo hilohilo: mambo yakiharibika njiani, namba itashuka au itapanda? Ikishuka, aliyekunywa anaweza kuponea hapo. Ikipanda, asiyekunywa anaweza kufungwa. Zote mbili ni mbaya, lakini mimi huogopa zaidi ya pili, na mwongozo huu umeandikwa kwa woga huo.

Ethanoli kwenye damu ya mtu aliye hai

Damu iliyochotwa vizuri, ikatiwa kihifadhi cha kutosha, ikafungwa sawasawa na kuwekwa kwenye baridi, hupoteza pombe polepole. Kwa kawaida haiongezi. Upotevu huo una njia tatu, na inafaa uzijue kwa sababu kila moja ina dawa yake.

Njia ya kwanza ni kuvukiza. Ethanoli hugawana nafasi kati ya damu na hewa iliyo juu yake. Katika vipimo vya pumzi hutumika uwiano wa 2,100 kwa 1, maana yake mililita 1 ya damu hubeba pombe sawa na ile iliyo katika mililita 2,100 za hewa ya mapafuni. Kwa hesabu hiyo, hewa kidogo iliyofungiwa ndani ya tyubu haibebi kitu cha maana, tena kwenye baridi hubeba kidogo zaidi. Hasara inakuja kwenye kufungua. Kila kizibo kinapotoka, ile hewa yenye pombe inaondoka, hewa mpya inaingia, na damu inalazimika kuilisha upya. Tyubu iliyojaa haitatikisika kwa hilo. Tyubu yenye damu ya kulowesha kitako tu, iliyokwisha kufunguliwa na watu wa zamu tofauti, itapungua hadi ionekane kwenye majibu.

Njia ya pili wengi hawaijui. Himoglobini iliyobeba oksijeni inaweza kuigeuza ethanoli kuwa asetaldehidi humohumo ndani ya tyubu, bila bakteria hata mmoja. Jambo hili limejulikana kwenye maabara za jinai tangu miaka ya 1970. Floraidi hailizuii. Joto huliharakisha na baridi hulichelewesha, basi. Ndiyo maana anayeniambia "ina floraidi, haina haja ya friji" simwelewi. Floraidi na friji hawafanyi kazi moja.

Ya tatu ni vijidudu. Wapo wanaokula ethanoli na wapo wanaoitengeneza kutokana na sukari iliyomo kwenye damu. Hapa ndipo floraidi inapopata kazi yake halisi: huzuia enolesi, kimeng'enya ambacho bila hicho kuvunjwa kwa sukari kunakwama katikati. Kijidudu kikikosa njia ya kuvunja sukari, hakitengenezi pombe.

Lakini lazima iwe floraidi ya kutosha. Tyubu kubwa za kizibo cha kijivu zilizokusudiwa kazi za kisheria, zile za mililita 10, huwa na miligramu 100 za sodiamu floraidi na miligramu 20 za potasiamu oksaleti, ambayo kazi yake ni kuzuia damu isifanye mabonge. Hiyo floraidi ni kama asilimia 1. Tyubu ndogo za kijivu zinazotumika hospitali kupimia sukari nyingi zina kama miligramu 2.5 tu kwa kila mililita, robo ya kiwango hicho. Kwa kipimo cha sukari cha asubuhi hiyohiyo zinatosha kabisa. Kwa sampuli itakayosubiri kesi, hazitoshi. Rangi ya kizibo isikudanganye. Soma maandishi yaliyo ubavuni.

Kisha changanya. Hili naliona mara kwa mara hadi limenichosha: tyubu inafika, naiinua kwenye mwanga, na kule kitakoni kuna unga mweupe umetulia vilevile ulivyotoka kiwandani, juu yake limekaa bonge la damu. Kihifadhi kipo, damu ipo, ila havijawahi kukutana. Mara tu sindano inapotoka, geuza tyubu juu chini taratibu mara 8 hadi 10. Usiitikise kwa nguvu ukapasua seli.

Bonge lenyewe lina madhara yake. Pombe hufuata maji, na seramu, yaani umajimaji unaojitenga damu ikifanya mabonge, ina maji mengi kuliko damu nzima. Kwa hiyo kiwango cha pombe kwenye seramu huwa juu kuliko cha damu nzima, kwa wastani kama asilimia 14. Mpimaji akinyonya ule umajimaji ulioelea juu ya bonge, anapima kitu kilicho karibu na seramu huku akiandika "damu". Namba imepanda na hakuna aliyekunywa zaidi. Tyubu yenye mabonge isagwe kwa kisagio hadi iwe laini, na jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu. Vivyo hivyo kwa hospitali iliyotenganisha seramu kwa vipimo vya matibabu: ikikufikia, iripoti kama seramu.

Na kabla ya yote hayo, ngozi isafishwe kwa kitu kisicho na pombe. Kitambaa chenye ethanoli au isopropanoli kikitumiwa vizuri na ngozi ikaachwa ikauke, kinachoingia kwenye sindano ni kidogo mno. Ila utajikuta mahakamani ukieleza hicho kidogo kwa saa nzima, wakati sabuni na maji vingekuepusha.

Tyubu iliyojaa nusu ina hoja nyingine ambayo mawakili wanaipenda. Floraidi ile ile ikiwa kwenye damu chache, chumvi inazidi, na chumvi husukuma pombe kutoka kwenye damu kwenda kwenye hewa ya kichupa cha kupimia. Je, namba haipandi? Ingepanda kama damu ingepimwa bila kuzimuliwa. Maabara inayoichanganya damu na kimiminika chenye kipimo linganishi cha ndani, yaani kitu cha kiasi kinachojulikana ambacho ethanoli hulinganishwa nacho, sehemu 1 kwa 10, inakuwa imeizimua chumvi hiyo hadi kubaki na athari ndogo sana. Jaza tyubu kwa ajili ya hewa na kwa ajili ya kipimo cha pili. Hofu ya chumvi muachie mpimaji.

Friji, friza, na siku ya kuyeyusha

Kutoka mkononi hadi maabara, nyuzi 4 zinatosha. Kwa kukaa muda mrefu, nyuzi 20 chini ya sifuri ni bora kwa ethanoli. Damu ikigandishwa hutanuka, kwa hiyo tyubu itakayoingia friza iachiwe nafasi kidogo juu, la sivyo kizibo kitasukumwa au kioo kitapasuka. Najua hapo juu nimesema ujaze. Unajaza hadi alama ya tyubu, na alama hiyo tayari imeacha nafasi; usipite hapo.

Zipo friza zinazojiyeyusha barafu zenyewe. Nyumbani ni raha, kwa sampuli ni balaa. Zinapasha joto kuta zake kila baada ya muda, na sampuli zilizo karibu na ukuta zinalegea na kuganda, zinalegea na kuganda, bila mtu kujua. Ukiona sampuli zako zina theluji juu ya vizibo upande mmoja tu, chunguza friza kabla ya kuchunguza kitu kingine. Weka kipimajoto kinachorekodi chenyewe, na ukiweke katikati ya sampuli. Mlangoni kitapima mlango.

Kuyeyusha nako kuna adabu yake. Acha tyubu ifike joto la chumba ikiwa imefungwa. Ukiitazama kwa karibu wakati huo utaona matone madogo angavu yamejipanga chini ya kizibo na kwenye shingo ya tyubu. Yale ni maji yenye pombe, na pombe yake ni sehemu ya sampuli. Anayefungua haraka anayafuta na kidole cha glavu. Isubiri, igeuze taratibu mara kadhaa hadi matone yarudi na rangi iwe moja juu hadi chini, ndipo ufungue. Sampuli iliyoyeyuka huwa imejitenga: juu nyepesi, chini nzito. Kunyonya kutoka juu bila kuchanganya ni kupima nusu ya habari.

Mkojo: hapa namba hupanda

Mkojo ndio unaonipa wasiwasi kuliko damu ya mtu hai. Chukua mtu mwenye kisukari ambacho hakijatulizwa, sukari imejaa kwenye mkojo, na ana fangasi wa Candida kwenye njia ya mkojo. Weka mkojo huo kwenye chupa bila kihifadhi, uache kwenye joto. Chupa imegeuka kiwanda cha pombe. Nimewahi kufungua chupa ya namna hiyo ikapiga pumzi kama soda, na mfuniko wake ulikuwa umebinuka kabla sijaugusa. Ethanoli ilikuwamo, tena ya kutosha. Kwamba mwenye mkojo alikunywa, hilo ilikuwa habari nyingine kabisa.

Mwaka 2020 madaktari wa Pittsburgh, Marekani, waliripoti mgonjwa mwenye ugonjwa wa ini na kisukari ambaye mkojo wake ulionyesha pombe tena na tena, huku mwenyewe akishikilia kwamba hanywi. Alishafikia kushukiwa kwamba anaficha ulevi, na hatima yake ya kuwekewa ini jipya ilitegemea jibu hilo. Kilichomwokoa ni kwamba masalia ya pombe, ethili glukuronidi na ethili salfeti, hayakuwamo, wakati sukari na fangasi vilikuwamo tele. Fangasi walikuwa wanachachusha ndani ya kibofu chenyewe. Chupani hali hiyo hutokea kirahisi zaidi.

Kwa hiyo mkojo wa kisheria nautaka hivi: chupa yenye sodiamu floraidi ya angalau asilimia 1, ichanganywe, iingie friji mara moja, na sukari ipimwe kwa kijiti mapema. Kijiti ni senti chache na kinakuambia kama chupa ina chakula cha vijidudu. Sukari ikiwepo, usitoe majibu ya ethanoli peke yake. Omba masalia.

Nayo masalia yana udhaifu wao. Ethili glukuronidi, au EtG, hutengenezwa na ini kwa kuiunganisha ethanoli na asidi ya glukuroniki. Ni sehemu ndogo sana ya pombe iliyonywewa, chini ya asilimia 0.1, lakini hukaa kwenye mkojo kwa siku kadhaa baada ya pombe yenyewe kuisha. Ubaya wake ni kwamba bakteria wa E. coli, hao hao wanaosababisha maambukizi mengi ya njia ya mkojo, wengi wao wana kimeng'enya cha beta-glukuronidesi, na kimeng'enya hicho huikata EtG kama ilivyoungwa. Mkojo wenye maambukizi ukiachwa kwenye joto la chumba, EtG inaweza kupungua hadi isionekane. Namba inashuka. Tena kuna upande wa pili: mkojo wenye E. coli na wenye ethanoli, hata ile iliyochachushwa chupani, unaweza kuzaa EtG mpya baada ya kuchukuliwa. Namba inapanda.

Ethili salfeti, EtS, haina glukuroniki ndani yake, kwa hiyo kimeng'enya hicho hakina pa kuishika. Kwa sababu hiyo sipimi EtG bila EtS, na nikiwa na neno la kusema kwenye maabara, sampuli ya EtG peke yake ningekuwa nairudisha. Zikisomwa pamoja zinaeleza mengi. Ethanoli ipo lakini EtG na EtS hazipo: kuna uwezekano mkubwa pombe imezaliwa chupani, ingawa mtu aliyekunywa dakika chache kabla ya kutoa mkojo anaweza kutoa majibu hayohayo. EtS ipo na EtG haipo: tafuta bakteria. EtG ipo na EtS haipo kabisa: usiandike chochote kabla hujapima upya na kuuliza chupa ilikaa wapi. Floraidi na baridi huwatuliza bakteria. Njia nyingine inayofaa ni kudondosha mkojo kwenye karatasi ya chujio na kuukausha, maana bila maji bakteria hawafanyi kazi.

Kama una shaka ya uchachushaji na maabara yako inaweza, kuna kipimo kingine cha mkojo kisichotegemea sukari wala fangasi: uwiano wa 5-HTOL kwa 5-HIAA, masalia mawili ya serotonini. Mtu akinywa, mwili wake hubadili mgawanyo wa masalia hayo. Uwiano ukizidi nanomoli 15 kwa mikromoli, alikunywa hivi karibuni. Chupa haiwezi kuuiga.

PEth, iliyo tete kuliko zote

Fosfatidilethanoli, ambayo sisi tunaiita tu PEth, hutengenezwa kwenye utando wa seli nyekundu za damu na kimeng'enya kiitwacho fosfolipesi D, pale tu ethanoli inapokuwepo. Inasifiwa, na inastahili: hukaa kwa wiki kadhaa kwa mnywaji wa kila siku, na haitokei bila ethanoli. Makubaliano ya wataalamu ya mwaka 2022, yanayoitwa ya Basel, yaliweka nanogramu 20 na 200 kwa mililita kuwa mipaka ya kutenganisha asiyekunywa au anayekunywa kidogo, anayekunywa wastani, na anayekunywa kupita kiasi.

Sasa soma tena sentensi ile ya kimeng'enya. Seli zipo ndani ya tyubu, kimeng'enya kipo ndani ya seli. Kama mtu alikuwa na ethanoli kwenye damu wakati wa kuchotwa, kazi haikomi sindano inapotoka. Tyubu inaendelea kutengeneza PEth juu ya meza yako. Mtu aliyekunywa jioni moja tu, damu ikachotwa akiwa bado amelewa na ikaachwa kwenye joto, anaweza kusogezwa kuelekea kundi asilostahili. Na friza ya kawaida haimalizi tatizo. Kwa sampuli zenye ethanoli, PEth imeonekana kuendelea kutengenezwa hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Hapo ndipo ushauri mzuri wa ethanoli unapogeuka kuwa mbaya: friza ileile niliyoisifia hapo juu sitaiamini kwa PEth. Nyuzi 80 chini ya sifuri ndizo zinazoituliza kwa muda mrefu.

Ninavyofanya ni kuomba tyubu ya pili, ya EDTA (dawa nyingine ya kuzuia damu isifanye mabonge), iliyotengwa kwa PEth tangu mwanzo, ikae friji na ipimwe ndani ya siku chache, au matone ya damu yadondoshwe kwenye karatasi maalumu na kukaushwa haraka. Kukauka husimamisha kimeng'enya. Nikisema "haraka" namaanisha hivi: karatasi iache wazi kwenye hewa kavu hadi doa libadilike kutoka wekundu wa kung'aa kuwa kahawia iliyofifia, ndipo iingie bahasha yenye kinyonya unyevu. Karatasi mbichi iliyofungiwa kwenye mfuko wa nailoni ni tyubu nyingine tu, tena mbaya zaidi. Na kando ya jibu la PEth naandika kila mara kiwango cha ethanoli cha wakati ule ule, ili msomaji ajue kama tyubu ilikuwa na malighafi.

Esta za asidi za mafuta na ethanoli, ambazo ni masalia mengine ya pombe kwenye damu, nazo zina tabia hiyohiyo ya kujizalisha tyubuni, na kwenye joto huvunjika upesi. Kama hamna barafu na mashine ya kuzungusha damu papo hapo, msiziombe. Ama transferini yenye upungufu wa kabohaidreti, CDT, protini ya damu inayoongezeka kwa mnywaji mkubwa wa muda mrefu, hiyo ni kazi ya seramu: itenganishe mapema, igandishe, na usiipime kwenye damu ya maiti.

Maiti

Mwili uliokufa una sukari, una bakteria kutoka utumbo wanaosambaa, na hauna kinga. Pombe inaweza kuzaliwa humo kabla daktari hajashika kisu, na hakuna tyubu itakayorekebisha hilo. Unachoweza ni kuchagua mahali pa kuchota, kuzuia isiendelee, na kuacha alama zitakazomwezesha mpimaji kutambua.

Chota damu kutoka mshipa wa paja, baada ya kuufunga upande wa tumbo. Damu ya moyo au ile iliyokusanyika kifuani iache, kwa sababu pombe iliyobaki tumboni hupenya na kufika huko baada ya kifo, na ajali yenye kupasuka kwa tumbo huharibu kabisa. Floraidi hapa naitaka asilimia 2, kwa kuwa vijidudu ni wengi na wengine, Candida akiwamo, huvumilia kiwango kidogo. Ichanganye, iweke kwenye baridi, na mwili nao uwe umewekwa kwenye baridi mapema. Saa ambazo mwili ulikaa kwenye joto ziandikwe.

Kisha chukua majimaji ya ndani ya jicho. Mimi huyaona ndiyo shahidi bora wa mochwari. Jicho limejitenga, bakteria huchelewa kulifikia, na sukari yake ni kidogo. Nyonya taratibu kwa sindano kutoka pembe ya nje, kila jicho kwenye tyubu yake yenye floraidi. Usivute kwa nguvu ukaleta seli za retina. Majimaji hayo yana maji mengi kuliko damu, kwa hiyo mtu aliyekunywa na pombe ikasambaa mwilini huwa na kiwango cha jicho kilicho juu kidogo ya cha damu. Damu ikiwa na pombe na jicho halina, pombe ile ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya kuoza, au mtu alikufa mara tu baada ya kunywa kabla haijafika jichoni. Mkojo, ukipatikana, na EtG pamoja na EtS zake, hutegua kitendawili hicho.

Mpimaji naye asisahau kipimo linganishi chake. Maabara nyingi hutumia n-propanoli, alkoholi nyingine isiyo ethanoli, lakini n-propanoli ni miongoni mwa vitu ambavyo bakteria wa kuoza huvitengeneza. Ukiitumia kwenye damu ya maiti iliyoanza kuharibika, ile iliyozaliwa na bakteria inajumlishwa na yako, na ethanoli inasomeka chini ya ilivyo. Tumia t-butanoli, kisha ukiona kilele cha n-propanoli kwenye chati, kichukulie kama onyo la bure kwamba bakteria wamepita.

Nywele

Kwa nywele mambo yanageuka: friji ni adui. Unyevu unaopanda juu ya nywele baridi zikitolewa unaweza kuiosha EtG, ambayo hupenda maji. Zikunje kwenye karatasi ya aluminiamu au bahasha ya karatasi, zikauke, zikae gizani kwenye joto la chumba. Funga uzi upande wa mizizi na uandike "mizizi", kwa sababu vipande hupimwa kuanzia ngozini na nywele iliyogeuzwa ni kalenda iliyogeuzwa. Mipaka inayotumika ni pikogramu 5 kwa miligramu kwa anayedai hanywi, na 30 kwa unywaji mkubwa wa muda mrefu. Uliza pia kuhusu kubadilisha rangi na dawa za kunyoosha, maana kemikali hizo huipunguza EtG hata kabla bahasha haijafunguliwa.

Karatasi zinazoambatana

Fomu nyingi zina kisanduku cha "ilihifadhiwa kwenye friji" na mtu anaweka tiki. Tiki hiyo hainisaidii. Nataka saa ya kuchota, saa ya kuingia friji, saa ya kutoka, ilisafiri kwa joto gani, na jina la kila aliyeikabidhi na aliyeipokea. Boksi lililoshinda ndani ya gari kwenye jua mwishoni mwa wiki halina tofauti kwa macho na lile lililotoka friji asubuhi. Kipimajoto cha ndani ya boksi ndicho kinachosema. Andika pia kila mara tyubu inapofunguliwa. Ni vizuri zaidi kugawa sampuli siku ya kwanza kwenye vichupa vidogo vilivyojaa na kufungwa, kimoja cha kipimo, kimoja cha marudio, na tyubu moja ambayo haijaguswa kwa ajili ya upande wa utetezi.

Siku moja ombi la kupima upya litakuja, pengine miezi mingi baadaye, na jibu la pili litakuwa chini ya la kwanza. Usishtuke na usijaribu kulilazimisha lilingane. Kwa damu ya mtu hai yenye floraidi, upungufu mdogo ndio unaotarajiwa. Kinachohitaji maelezo ni ongezeko. Kwenye ripoti weka namba zote mbili, tarehe zote mbili, joto la hifadhi katikati yake, idadi ya mara tyubu ilipofunguliwa, na kiasi cha damu kilichobaki siku ya kipimo cha pili.